Ukija Unguja na Pemba, Kuongea Kiswahili Hakutoshi

Mgeni kutoka Ulaya akipita mbele ya baraza (ile benchi ya mawe nje ya nyumba) Mji Mkongwe bila kusalimia, wazee waliokaa humsamehe kwa kuwa hajui. Mgeni kutoka Nairobi, Kampala au Dodoma akipita hivyohivyo, huku anaongea na simu kwa Kiswahili safi, hapati msamaha huo. Lugha imekwisha kumtambulisha kuwa ni mtu wa karibu, na mtu wa karibu hutazamiwa kuwa na adabu. Maelezo haya ni kwa ajili yake hasa, maana wageni wengi wa Afrika Mashariki hujiandaa kwa nauli na hoteli, wakadhani mengine yatajisawazisha.

Tuanze na salamu, kwani hapo ndipo wengi wanapoharibu. Utaratibu ni huu: anayepita humsalimia aliyekaa, aliye kwenye chombo humsalimia anayetembea, wachache huwasalimia wengi, na anayeingia huwasalimia aliowakuta ndani. Kwa hiyo ukilikaribia baraza, wewe ndiye wa kuanza. Mwislamu atasema "Assalamu alaikum". Asiye Mwislamu akisema "Hamjambo wazee" au "Shikamooni", ameshatimiza wajibu wake. Asubuhi utasikia "sabalkheri", jioni "masalkheri". Jibu vivyo hivyo. Baada ya hapo ulizia habari za nyumbani na za kazi, ndipo utaje shida yako, iwe ni kuuliza njia au bei ya samaki. Hata Darajani, sokoni penye zogo, muuzaji aliyeulizwa bei kabla ya salamu hujibu kwa mkato, na mazungumzo ya kupunguziana yanakuwa magumu tangu mwanzo. Na ukitaja bei yako naye akaikubali, nunua. Kuondoka baada ya kukubaliwa ni dharau.

Mkono una taratibu zake. Mwanamume asitangulie kumnyooshea mkono mwanamke asiyemjua, wala mwanamke asimtangulie mwanamume asiyemjua. Weka kiganja cha kulia kifuani, inamisha kichwa kidogo, inatosha. Mwenzako akinyoosha yeye, pokea. Kutoa na kupokea kitu, hata noti ya shilingi elfu moja, ni kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukilazimika kutumika kwa sababu wa kulia umeshika mzigo, omba radhi.

Mtu mzima haitwi jina tupu. Ni Bi fulani, Bwana fulani, Mzee, Maalim kwa mwalimu. Na kinywa kilichozoea "niletee maji" au "nipe chai" kijifunze kuanza na "naomba". Kwa mgeni wa bara hiyo "nipe" ni kauli ya kawaida kabisa, hana nia mbaya, lakini hapa husikika kama amri, na anayehudumu hutulia kimya bila kukwambia kilichomuudhi. Kimya hicho ndicho kinachowapoteza wageni: Mzanzibari akichukizwa mara nyingi hagombi, hupunguza maneno tu.

Ukialikwa nyumbani, piga hodi hata kama mlango uko wazi. Simama ubavuni mwa mlango, usiukabili, macho yasiingie ndani kabla yako. Piga hodi mara tatu, na nafasi kati ya moja na nyingine. Kusipojibiwa, ondoka bila kuchungulia dirishani. Mwanamume akijibiwa na mwanamke kutoka ndani kuwa mwenyeji hayupo, aache jina lake na ujumbe palepale nje, asingoje ndani. Ukikaribishwa, vua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Ukiingia na watu wakataka kuinuka wakupishe, waambie "starehe", nao watabaki walipo. Usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari, majani ya chai au matunda ni zawadi ya heshima. Kanga pia ni zawadi nzuri, lakini soma jina lake kabla ya kulipa. Yapo majina ya mafumbo na ya kumpiga mtu kijembe, na mwenyeji ataamini umeyachagua kwa makusudi.

Kwenye sinia, mikono huoshwa kwanza. Kijana wa nyumbani atakumiminia maji juu ya bakuli. Wanaume na wanawake mara nyingi hula mbali mbali. Kula kwa mkono wa kulia, upande ulio mbele yako tu. Nyama ikiwekwa katikati usiifukuzie: mwenyeji ataimega na kukusogezea. Anayetumia kushoto aombe kijiko mapema, akishike kwa kulia, na hakuna atakayemuona vibaya. Kukataa kabisa chakula kunaumiza, hivyo onja tonge chache hata ukiwa umeshiba. Ukimaliza kabla ya wenzako, punguza kasi ukae nao, usiinuke ukawaacha.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, popote nje ya hoteli na ufukwe. Nguo ya kuogelea mwisho wake ni mchangani. Nungwi, Paje na Jambiani zina hoteli, lakini ni vijiji vya watu, na kichochoro cha kutokea baharini huenda kikapita mbele ya chuo cha Kurani chenye watoto. Beba doti moja ya kanga: kipande kimoja kiunoni, cha pili mabegani. Wanaume, vaeni shati. Pombe huuzwa kwenye hoteli na mahali penye leseni. Inyweeni humo, chupa isitembee barabarani. Pemba sehemu hizo ni chache sana.

Mwezi wa Ramadhani unataka maandalizi zaidi. Kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo tazama kalenda kabla ya kukata tiketi. Mchana, kula, kunywa maji au kuvuta sigara mbele za watu ni kosa kubwa la adabu, na Polisi wa Zanzibar wamewahi kuwakamata watu kwa hilo. Kula chumbani au katika mgahawa wa hoteli. Kinachowakwaza wageni wengi ni usafiri: kuanzia saa kumi na moja jioni madereva nao wanakwenda kufuturu, daladala zinapungua, na teksi hazipatikani. Maliza safari zako kabla ya hapo. Ukialikwa futari, fika kabla ya adhana ya Magharibi, usiguse kitu mpaka isikike. Watu watafungua kwa tende na maji, pengine na uji, kisha wengi watakwenda kuswali. Subiri. Muhogo wa nazi, ndizi, mbaazi na kaimati vitaliwa wakirudi.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi (hati ya kale ya Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, wengi hupenda kuuona. Bado unaswaliwa. Muombe msimamizi ruhusa, usiende wakati wa swala, vua viatu, na mwanamke ajifunike kichwa.

Kuhusu picha, tunaomba uangalifu sana. Maji yakitoka wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kukauka kupita kawaida, wanawake wa pwani ya mashariki huingia baharini kufunga na kuvuna mwani. Ile mistari ya vigingi na kamba unayoiona ni shamba la mtu: ukiikanyaga, vishada vya mwani vinang'oka na kuchukuliwa na maji, na mwenyewe hana namna ya kuvirudisha. Pita pembeni, salimia, kisha uliza kama unaweza kupiga picha. Ukiambiwa hapana, weka simu mfukoni, usiombe mara ya pili. Kwenye shughuli za harusi za wanawake usitoe simu kabisa. Wale waliovua mabuibui humo ndani wamefanya hivyo kwa sababu wameaminiana, na picha moja ikivuja huleta balaa kwenye nyumba za watu.

Pemba, msimu wa karafuu, utaziona zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, kuanzia Mkoani hadi Konde. Dereva wako asiegeshe juu ya jamvi wala karibu kiasi cha kuzitilia vumbi, nawe usizivuke kwa miguu, kwa kuwa karafuu zilizochanganyika na mchanga hushuka daraja na bei. Wala usimwombe mkulima akuuzie gunia kwa siri. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ndilo linalonunua karafuu za wakulima, na kuzipitisha nje ya utaratibu huo ni magendo yanayoweza kumfikisha yeye mahakamani pamoja nawe. Za kupikia pilau nunua pakiti madukani, na risiti uitunze mpaka uvuke bandari.