Tafuta kovu kwanza: siku mbili za kusoma historia kusini mwa Manhattan

Wageni wengi wa New York hurudi nyumbani na picha tele na historia kiduchu. Hamu wanayo, ila hawajui waangalie wapi. Mtu anasimama mbele ya jengo, anasoma kibao, anapiga picha, anaondoka akiamini kuwa mawe yale ndiyo yaliyoshuhudia. Kusini mwa Manhattan mara nyingi si hivyo. Huu ni mji unaobomoa na kujenga upya tangu Wadachi walipokuwa watawala wake.

Chukua Federal Hall, pale Wall Street. Sanamu ya George Washington imesimama kwenye ngazi kwa sababu hapo ndipo alipoapishwa kuwa rais wa kwanza, tarehe 30 Aprili 1789. Jengo aliloapia lilibomolewa mwaka 1812. Hili lenye nguzo nene lilikamilika mwaka 1842, likiwa ofisi ya forodha. Mahali ni penyewe, jengo silo.

Sasa vuka barabara, uende kwenye jengo la namba 23. Ukutani upande wa Wall Street kuna vishimo vinavyomeza ncha ya kidole. Tarehe 16 Septemba 1920, saa sita mchana, gari la farasi lililobeba baruti na vipande vya chuma lililipuka hapo. Watu 38 walikufa, na waliotega bomu hawakupatikana kamwe. Benki iliyokuwa humo iliamua ukuta usizibwe.

Kwa hiyo, kila unaposimama mbele ya kivutio, jiulize mambo matatu: jengo hili ni la mwaka gani, lilijengwa kwa kazi gani, na kovu liko wapi. Kovu ni ile alama iliyoachwa na tukio lenyewe. Kibao huandikwa baadaye, na aliyekiandika ana lake la kusema.

Siku ya kwanza iwe ya visiwani: kisiwa cha Sanamu ya Uhuru na Ellis Island, kilichokuwa kituo cha kupokea wahamiaji. Tiketi nunua mtandaoni mapema, kupitia kampuni iliyotajwa kwenye tovuti ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, kwa sababu ni moja tu inayoruhusiwa kutia nanga. Ukikaribia bustani ya Battery utazongwa na wauzaji wa tiketi wenye vizibao na vitambulisho shingoni. Wengi wao wanauza boti za kuzunguka tu bandarini. Utaiona sanamu kwa mbali, hutakanyaga kisiwa, na pesa hairudi. Kama unachotaka ni kuiona kwa mbali, panda kivuko cha Staten Island, ambacho ni bure.

Tiketi moja inafika visiwa vyote viwili. Tofauti ni unaruhusiwa kupanda hadi wapi: nje tu, msingi wa sanamu, au tajini. Za tajini huisha miezi kadhaa kabla, na kutoka juu ya msingi utapanda vidato 162 kwenye ngazi nyembamba ya kujipinda, bila lifti. Madirisha ya juu ni madogo. Kwa mtu anayetafuta historia, tiketi ya msingi inatosha kabisa. Panda boti ya kwanza ya asubuhi. Kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, na ukipanda baada ya saa nane mchana huwezi kuvimaliza visiwa vyote viwili.

Kabla ya boti, tazama vizuri lile duara la mawe mekundu, Castle Clinton. Ni ngome iliyojengwa kati ya 1808 na 1811 kwa hofu ya Waingereza. Kuanzia 1855 hadi 1890 ilikuwa kituo cha kupokea wahamiaji, na takriban watu milioni 8 walipita hapo. Watu husahau hili: aliyeingia New York mwaka 1870 hakupita Ellis Island, kwa sababu kituo cha Ellis kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892.

Boti ikikaribia Sanamu ya Uhuru, usiangalie uso kwanza. Angalia chini. Msingi umekaa juu ya ukuta wenye umbo la nyota ya pembe 11. Hiyo ni Fort Wood, ngome nyingine ya miaka ileile. Sanamu ya uhuru imesimama juu ya boma la mizinga.

Wazo la sanamu lilitoka kwa Édouard de Laboulaye, Mfaransa aliyepinga utumwa, katika mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha, 1865. Ndiyo maana miguuni pa sanamu pana pingu na mnyororo uliokatika. Kutoka ardhini huuoni sawasawa, joho linauficha, na wageni wengi huondoka bila kujua upo. Shairi la Emma Lazarus linalokaribisha wahamiaji liliandikwa 1883, lakini bamba lake liliwekwa 1903, miaka 17 baada ya uzinduzi wa Oktoba 1886. Maana ya wahamiaji ilikuja juu ya maana ya minyororo na kuifunika. Ukilijua hilo, kisiwa chote unakiona upya.

Ndani ya jumba la makumbusho, kaa muda mrefu kwenye mwenge wa zamani. Huo ndio kovu la kisiwa hiki. Ngozi ya sanamu ni shaba nyekundu yenye unene wa milimita 2.4, sawa na sarafu mbili ndogo zikilaliana. Ili mwenge utoe mwanga, mafundi waliitoboa shaba yake na kuweka vioo. Maji yakapenya kwenye maungio, chuma cha ndani kikala kutu, na kwenye ukarabati wa miaka ya 1980 ikabidi mwenge wote ushushwe na kutengenezwa mwingine. Mwilini nako palikuwa na tatizo la aina hiyo. Fremu iliyosanifiwa na Gustave Eiffel ilikuwa ya chuma, ngozi ni ya shaba, na metali hizi mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, chuma huliwa haraka. Eiffel alilijua hilo akaweka kitenganishi katikati. Kikaoza. Pau zipatazo 1,800 zilibadilishwa moja moja kwa chuma kisichoshika kutu. Watu wa pwani, walioona mabati na misumari ikiliwa na upepo wa bahari, wataelewa bila maelezo marefu.

Ellis Island inahitaji saa mbili kamili. Jengo la kwanza lilikuwa la mbao, likaungua Juni 1897. Hili la matofali lilifunguliwa Desemba 1900. Hadi kufungwa mwaka 1954, watu milioni 12 hivi walipita kisiwani. Waliopita ni abiria wa daraja la tatu. Wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini na kushuka zao.

Ngazi pana ya kwenda juu ni mfano uliojengwa upya, lakini kazi yake ilikuwa ya kweli. Madaktari walisimama juu wakiangalia nani anahema na nani anachechemea. Aliyetiliwa shaka alichorwa herufi kwa chaki begani: H kwa moyo, L kwa kilema, E kwa macho. Ukifika ukumbini inua kichwa uone dari ya vigae. Iliwekwa baada ya mlipuko wa ghala la silaha la Black Tom, Julai 1916, ulioharibu dari ya awali na kufanya ngazi ya mwenge ifungwe hadi leo. Vigae ni 28,832, na katika ukarabati wa miaka ya 1980 ni 17 tu vilivyohitaji kubadilishwa.

Utasikia waongozaji wakisema maofisa wa hapo walibadilisha majina ya watu. Usilichukue. Orodha za abiria ziliandikwa na makarani wa meli kwenye bandari ya kuondokea, na maofisa wa Ellis walisoma orodha hizo tu. Majina mengi yalibadilishwa na wenye majina wenyewe baadaye. Kumbukumbu hizo za meli unaweza kuzitafuta mtandaoni bure, na ni bora kufanya hivyo kabla ya safari.

Siku ya pili anzia Brooklyn. Panda treni ya A au C hadi kituo cha High Street, kisha vuka Daraja la Brooklyn kwa miguu kuelekea Manhattan, ili majengo yawe mbele yako. Fika mapema, maana kuanzia saa nne asubuhi msongamano ni mkubwa.

Daraja lilifunguliwa 24 Mei 1883. Minara yake imejengwa juu ya masanduku makubwa ya mbao yaliyopinduliwa mtoni kama kikombe. Ndani yalijazwa hewa yenye mgandamizo ili maji yasiingie, na vibarua walichimba humo. Waliotoka nje haraka mno walipata maumivu makali ya viungo, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu hutoa mapovu mgandamizo ukishuka ghafla. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, alidhoofika kwa ugonjwa huo, na mkewe Emily akawa kiungo kati yake na mafundi kwa miaka. Kisha zikaja nyaya mbovu: mwenye zabuni alikuwa akipitisha waya mzuri kwa wakaguzi, halafu anaubadilisha njiani. Ulipogunduliwa, mbovu ulikuwa tayari ndani ya kebo na haungeweza kutolewa. Roebling alikuwa amekadiria nguvu mara sita ya inayohitajika, kwa hiyo aliongeza nyaya kama 150 katika kila kebo na kazi ikaendelea. Waya ule mbovu bado umo, juu ya kichwa chako.

Ukishuka daraja, African Burial Ground, yaani Makaburi ya Waafrika, haiko mbali. Iko kwenye kona ya mitaa ya Duane na Elk, na kituo chake cha ndani kipo namba 290 Broadway. Kuingia ni bure. Kituo cha ndani hufungwa baadhi ya siku za wiki, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kupanga siku hii. Hapa usiharakishe hata kidogo.

Waafrika wa kwanza waliotumikishwa waliletwa na Wadachi mwaka 1626 hivi. Kwa mikono yao ukuta wa mbao wa mwaka 1653 ulisimama, ule ulioupa mtaa wa Wall Street jina lake. Mwaka 1697 kanisa la Trinity liliwakataza kuzika wafu wao kwenye uwanja wake, wakabaki na ardhi hii nje ya ukuta. Sheria za karne ya 18 ziliwanyima mazishi ya usiku na kuweka kikomo cha waombolezaji 12. Hadi makaburi yalipofungwa mwaka 1794, inakadiriwa watu 15,000 walikuwa wamezikwa hapa. Kisha bonde likafukiwa kwa udongo na mji ukajengwa juu.

Ramani za zamani ziliyaonyesha makaburi, lakini serikali ilipoanza kujenga ofisi mwaka 1991 ilidhaniwa misingi ya majengo ya awali ilishayaharibu. Haikuwa hivyo. Kina cha kifusi kiliyahifadhi. Mabaki ya watu 419 yalifukuliwa kabla watu weusi wa New York hawajasimamisha kazi kwa maandamano na shinikizo kwenye Bunge. Mabaki yalipelekwa Chuo Kikuu cha Howard, chini ya Michael Blakey. Karibu nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka 12. Mifupa ilikuwa na alama za misuli iliyochanika kwa kubeba mizigo mizito, hata kwa wanawake.

Mmoja ni mwanamke aliyezikwa na shanga kiunoni, zaidi ya 100, pamoja na kauri, na meno yake yalikuwa yamechongwa. Mwanamke wa Kiswahili hahitaji mtaalamu wa kumweleza shanga za kiunoni ni nini. Wengi wa waliozikwa walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, lakini miaka ya 1690 meli za wafanyabiashara wa New York zilifika hadi Madagaska kuchukua watu, kwa hiyo Bahari ya Hindi nayo imo katika udongo huu.

Walizikwa tena Oktoba 2003, ndani ya masanduku yaliyochongwa Ghana. Matuta saba ya majani unayoyaona nje ndiyo makaburi hayo. Usiyakanyage.

Kutoka hapo teremka Broadway kama kilomita moja. Kata kushoto Wall Street uende hadi kona ya Water Street, ambapo kibao cha mwaka 2015 kinaonyesha palipokuwa soko la watumwa kuanzia 1711 hadi 1762. Rudi Broadway, malizia Bowling Green. Utakuta foleni ndefu ya kupiga picha na fahali wa shaba, ambaye ni wa mwaka 1989. Ipite. Nenda kwenye uzio wa chuma wa bustani, wa mwaka 1771, upitishe kiganja juu ya nguzo zake kubwa. Vichwa vimekatwa kwa msumeno, na makali yake bado unayahisi. Uzio ulijengwa kulinda sanamu ya mfalme George wa Tatu. Tarehe 9 Julai 1776, baada ya Tangazo la Uhuru kusomwa, umati uliiangusha, na madini yake ya risasi yakayeyushwa, zikatengenezwa risasi za bunduki 42,088.

Mbele ya bustani ni jengo la forodha la mwaka 1907, ambalo sasa lina makumbusho ya Wahindi Wekundu, bure. Nje kuna sanamu nne za mabara, kazi ya Daniel Chester French. Ya mwisho kulia ni Afrika: mwanamke aliyelala usingizi, mkono mmoja juu ya simba, mwingine juu ya sanamu ya Kimisri. Geuka sasa utazame upande wa bandari. Tarehe 30 Aprili 1840 iliingia humo meli ya Sultana kutoka Zanzibar, ya Sayyid Said, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, tende na zawadi za rais, farasi wawili wakiwemo, na ushuru na biashara yake vilikwisha kupangwa kwa mkataba wa 1833. Miaka 67 baadaye, kwenye mlango wa forodha ya bandari ileile, mchongaji alimweka Afrika amefumba macho.