Maswali ya wasomaji: seva nne, kibodi moja

SWALI: Ofisi ya SACCOS yetu ina seva nne kwenye raki moja, zote zimeungwa kwenye swichi ya KVM (kifaa cha kuendesha seva kadhaa kwa kibodi, kipanya na skrini moja) ya VGA, yaani kebo ya picha ya aina ya zamani. Umeme ukikatika na kurudi, seva iliyokuwa imechaguliwa kwenye swichi haina shida. Zile tatu picha zake zinarudi kubwa, maandishi yamevimba, na moja haisikii kibodi kabisa. Je, swichi imekufa? (Msomaji, Singida)

JIBU: Haijafa, ni ya bei rahisi tu. Seva inapowaka huiuliza skrini ina uwezo gani: pikseli ngapi, na picha ibadilike mara ngapi kwa sekunde. Majibu hayo ndiyo EDID. Swichi rahisi huyafikisha kwa seva iliyochaguliwa peke yake. Zile tatu zinauliza, hazijibiwi, basi zinajipangia 1024 kwa 768 au chini ya hapo. Kwa kibodi ni hivyo hivyo. Ukihamia tundu jingine, swichi ya aina hii hukata USB kana kwamba umechomoa waya. Windows na Linux huikubali kibodi ikirudi, lakini mashine iliyokwama kwenye BIOS (programu inayoanza kabla ya mfumo wenyewe) huenda isiitambue tena.

Ukinunua nyingine, soma karatasi ya sifa: iwe inaigiza EDID, kibodi na kipanya kwa kila tundu, muda wote. Kama fedha haipo, nunua vifaa vidogo vya kuigiza EDID, kimoja kwa kila seva, vinavyopachikwa kati ya seva na kebo. Angalia viwe vinavyopitisha picha. Plagi bandia ya kuziba tundu inafanana navyo dukani, ila hiyo haitakusaidia. Kwa sasa, skrini na swichi vilishwe na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), kisha washa seva moja moja huku ukiichagua kila moja mpaka ifike kwenye ukurasa wa nenosiri.

Usivute kebo ndefu. VGA ikipita mita 10 hivi maandishi huanza kuota kivuli, na kebo ya USB 2.0 kikomo chake ni mita 5. Zaidi ya hapo tafuta KVM inayotumia waya wa Cat6 (ule wa mtandao) na adapta ndogo nyuma ya kila seva. Waya huo haupiti kwenye swichi ya mtandao. Unatoka kwenye adapta moja kwa moja hadi kwenye KVM.

SWALI: Shikamooni. Seva zetu mbili ziko Kigoma, mimi niko Dar es Salaam. Naingia kwa SSH (amri za maandishi kupitia mtandao), lakini seva ikikwama kabla ya kuwaka sioni kitu. Fundi anasema ninunue KVM ya IP (inayofikiwa kupitia mtandao) na nifungue poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, kwenye rauta. Rauta ni ya laini ya 4G.

JIBU: Marahaba. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie aliyeko huko atazame nyuma ya seva. Kama ni Dell, tafuta tundu la mtandao la iDRAC. Kama ni HPE, iLO. Hizo ni kompyuta ndogo ndani ya seva za kuiendesha ukiwa mbali, hata ikiwa imekwama. Kazi unayoitaka huenda tayari imo, ila skrini ya mbali kwa kawaida inadai leseni ya ziada, kwa hiyo linganisha bei yake na ya KVM.

Kama ni kompyuta za mezani zilizogeuzwa seva, PiKVM (KVM ya IP ya kujiundia) inatosha: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja), kibao cha kupokea HDMI, na kebo ya USB-C iliyogawanywa, kwa sababu tundu hilo moja linaingiza umeme na pia ndilo linalojifanya kibodi. Kifaa kimoja huhudumia mashine moja. Kwa mbili, weka swichi ya KVM ya HDMI katikati, ihamishe picha na USB pamoja. Unganisha pia nyaya kwenye pini za kuwasha na kuzima za ubao mama, la sivyo mashine iliyozimika utaitazama tu. Faili la kusakinishia mfumo liweke kwenye kadi ya Pi mapema. Gigabaiti nne kupitia 4G usiku wa dharura ni mateso.

Kuhusu poti, usifungue. Kwanza, laini nyingi za simu hazikupi anwani ya IP ya umma, hivyo huenda hata isifanye kazi. Pili, atakayeingia hapo ni sawa na aliyekaa mbele ya kibodi yako. Kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha Kigoma iipigie kwa WireGuard (VPN, njia iliyofungwa kwa siri kupitia intaneti), ukiweka PersistentKeepalive = 25 ili njia isijifunge. WireGuard ikae kwenye rauta au kwenye Pi yenyewe. Watu wengi huiweka kwenye seva, halafu siku seva inapokufa, njia ya kuifikia nayo imekufa. Na nenosiri la kiwandani la PiKVM, admin kwa admin, libadilishe siku ya kwanza, pamoja na lile la root, akaunti kuu ya Pi.

SWALI: Swichi yangu inabadilisha seva kwa kubonyeza Scroll Lock mara mbili. Kibodi yangu haina kitufe hicho.

JIBU: Swichi nyingi zinakubali Ctrl au Num Lock badala yake, tazama kijitabu chake. Na kibodi iwe kwenye tundu lenye alama ya kibodi. Kwenye tundu la USB la kawaida itaandika vizuri, ila swichi haitasikia amri zake.