Karani wa korosho na herufi "h"

Ndugu wa Masasi, kuwatupa waombaji watatu wa ukarani wa ghala la korosho kwa sababu waliandika "akuna" na "kalatasi" ni haraka mno. Kosa linalojirudia kwa namna ileile, mara nyingi ni sauti ya lugha ya nyumbani. Kimakua, kwa mfano, kwa asili hakina b, d wala g, ndiyo maana "baba" huponyoka ikawa "papa". Akili haipimwi hapo.

Wape risiti 5 za mizani na dakika 20: uzito wote, watoe wa magunia matupu, wapate kilo halisi. Risiti moja ikosee makusudi, uone nani ataigundua. Anayegeuza 108 kuwa 180, huyo muogope, hata kama h zake zimenyooka. Barua za kuwaandikia wanunuzi? Zipitiwe na mtu wa pili.