Kipimajoto Chini ya Mto

Kwa wiki sita, kila nilipoamka, kabla sijaitikia hata salamu, nilibana kipimajoto kwapani. Dakika kumi, bila kujigeuza. Nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi, nasikia baridi wenzangu wakijipepea, ngozi kavu, choo kigumu. Rafiki yangu akaniambia: "Pima joto la alfajiri, thairoidi yako itajisema yenyewe."

Njia hiyo ni ya zamani. Daktari wa Marekani, Broda Barnes, aliandika kuihusu mwaka 1942, na aliyoyashikilia ni kwamba joto la kwapa likiwa chini ya takriban 36.6 mtu anapoamka, tezi hiyo ya shingoni ishukiwe. Hoja ina mashiko. Homoni za thairoidi ndizo zinazoongoza kasi ya mwili kuchoma nishati, na joto letu hutokana na uchomaji huo. Tezi ikilegea, moto unafifia.

Daftari langu likajaa: 35.9, 36.1, 36.0. Nikajihukumu. Rafiki yuleyule akanipa na vidonge vyake vya thairoidi nijaribu.

Kilichoniokoa ni utani wa dada yangu. Alikichukua kipimajoto asubuhi moja, akajipima: 35.8. Huyu ni mtu anayeamka mapema kukimbia na hajui uchovu ni nini! Hapo nikaanza kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza mwanzo. Kumbe kwapa husoma chini kuliko mdomo, pengine kwa nusu nyuzi. Mwili hupoa zaidi kuelekea alfajiri, kwa hiyo saa ya kupima inabadilisha jibu. Kwa mwanamke, joto hupanda kidogo baada ya yai kupevuka na kushuka hedhi inapokaribia. Kula kidogo mno nako hulishusha. Hata ile 37 tunayoikariri ilitoka kwa Mjerumani Carl Wunderlich mwaka 1868, na vipimo vya siku hizi vinaonyesha wastani ulio chini yake kidogo.

Tukaenda wote wawili kupima damu. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuisukuma thairoidi. Tezi ikizembea, TSH hupanda. Kiwango cha kawaida huishia karibu na 4. Yangu ilikuwa 11, na T4, homoni ya thairoidi yenyewe, iko chini. Ya dada, 1.8. Kipimajoto kingetutia hatiani sote.

Sasa suala la tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo. Utasikia kwamba joto linalopanda na kushuka ovyo ni dalili ya "adrenali zilizochoka". Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Wanaoutambua ni ule alioueleza daktari Thomas Addison mwaka 1855: ngozi inakuwa nyeusi zaidi, hasa kwenye mikunjo ya viganja na ndani ya mdomo, uzito unapungua, kizunguzungu ukisimama, na hamu kubwa ya chumvi. Huo huanza kuchunguzwa kwa damu ya asubuhi inayopimwa kotisoli, homoni ya tezi hizo. Na hapa ndipo vidonge vya kuazima vinapotisha: mwenye upungufu huo akianza dawa ya thairoidi kabla ya kupewa homoni ya adrenali, anaweza kuangushwa na hali inayoua. Vya rafiki yangu nilivirudisha.

Ukitaka kupima joto, pima, lakini andika pia mapigo ya moyo, uzito, choo na hedhi, kisha mpelekee daktari daftari lote. Kama unameza vitamini ya bayotini kwa ajili ya nywele au kucha, mwambie kabla ya kutoa damu, maana huvuruga majibu ya thairoidi.

Dawa yangu ya thairoidi, niliyoandikiwa na daktari, naimeza tumbo likiwa tupu, kahawa inasubiri. Vidonge vya madini ya chuma navyo navitenga nayo kwa saa nne. Baada ya wiki nane TSH ilikuwa 2.3, uchovu umekwisha, choo kimelainika. Juzi, nikitandika, nikakiona kipimajoto. Kesho yake alfajiri nikakibana kwapani kwa udadisi tu: 36.1.