Ng'ombe wa maziwa Muheza: pesa ianzie kwenye majani, siyo kwenye banda

Mkuu, umesema una milioni 25 na ekari tatu huku Muheza, Tanga. Mpango wako ni banda la kisasa la milioni tisa, mitamba (majike ambayo hayajazaa) sita kwa milioni mbili na nusu kila mmoja, na milioni moja inayobaki iwe ya chakula cha kuanzia. Unauliza kama italipa.

Nafuga ng'ombe wa maziwa wilaya hiihii tangu 2011. Nilianza na mtamba mmoja, sasa nakamua watano. Kwa mpango ulivyouandika, jibu langu ni hapana. Ufugaji unalipa, lakini wewe umetanguliza vitu visivyotoa maziwa na kukiacha nyuma kinachoyatoa.

Vuli ya 2016 iligoma. Wakati huo nilikuwa na ng'ombe wanne na robo tatu tu ya ekari ya majani ya tembo. Kufikia Januari 2017 shamba limebaki visiki. Nikaanza kununua majani ya mabondeni, mzigo mmoja wa bodaboda shilingi 5,000, na ng'ombe wawili wanaumaliza kabla ya adhuhuri. Ng'ombe wangu bora, aliyekuwa akinipa lita 12, akashuka hadi tano. Usiku nilikuwa namsikia nikiwa ndani ya nyumba akilamba saruji ya hori, ulimi unakwaruza mfululizo, hori tupu. Sauti ile sijaisahau. Masika yalipoingia maziwa yalirudi kidogo, lakini hasara kubwa ilikuwa bado haijaonekana: alikaa miezi mitano bila kuonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Mwili uliokonda haushiki mimba, na bila mimba hakuna ndama wala maziwa ya mwaka unaofuata.

Piga hesabu hii kabla ya kumlipa fundi yeyote. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu kama asilimia tatu ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12. Majani mabichi ya tembo sehemu kubwa ni maji. Kikavu chake ni kama sehemu moja kwa tano. Ukimpa kilo nne za pumba na mashudu, bado anakudai kilo 40 na kitu za majani. Ng'ombe sita ni kilo 250 kila siku, za kukata, kubeba na kukatakata, Idi na Krismasi. Na sita hawabaki sita. Wakishazaa una ndama, mwaka wa pili una mitamba wanaokua, na midomo inakaribia kumi na miwili. Kwangu ekari moja inayopata samadi ya kutosha inabeba ng'ombe wawili wakubwa, na kiangazi hata hao wanapungukiwa. Ukitoa eneo la nyumba, banda na njia, ekari zako tatu haziwezi kuwabeba hao wote.

Kilichoniokoa ni kuhifadhi sileji, yaani majani yanayofukiwa bila hewa ili yasioze. Majani ya tembo yakifika urefu wa kiuno hadi kifua nayakata, nayaacha yanyauke nusu siku, nayakatakata, nanyunyizia molasi iliyochanganywa na maji, nashindilia shimoni hadi hewa iishe, nafunika nailoni na udongo juu. Kwenye kushindilia usifanye haraka. Pakibaki hewa panaota ukungu na utatupa. Meta moja ya ujazo inabeba kama kilo 500. Ng'ombe mmoja akila kilo 20 kwa siku kwa siku 90, anahitaji chini kidogo ya meta nne za ujazo. Shimo ni jembe na vibarua wawili. Mashine ya kukatia majani niliinunua milioni moja na laki mbili, na sijawahi kununua kitu kilichonilipa haraka namna ile, kwa sababu kabla yake ng'ombe walikuwa wakichagua majani laini na kuacha mashina, na kila asubuhi tunazoa chakula tulichokitolea jasho.

Maji nayo usiyapuuze. Tulikuwa tukiyateka kwa madumu, ng'ombe wananyweshwa asubuhi na jioni. Nilipoweka tanki na bomba la kufika horini, wakawa wanakunywa muda wote, na wiki ileile kila mmoja akaongeza lita moja hadi moja na nusu. Chakula hakikubadilika hata kidogo.

Kuhusu banda la milioni tisa. Tuseme litadumu miaka kumi: ni laki tisa kwa mwaka, yaani laki moja na nusu kwa kila ng'ombe wako sita. Lita ukiiuza 900, kila ng'ombe atatoa kama lita 167 kwa mwaka kulipia paa tu. Langu lina nguzo za mikaratusi na bati zilizotumika. Pesa niliiweka chini: sakafu ya zege yenye mwinamo, iliyokwaruzwa ili wasiteleze, mfereji wa mkojo, na sehemu kavu ya kulala. Ng'ombe anayelala kwenye tope anapata ugonjwa wa kiwele, na akitibiwa kwa antibayotiki maziwa yake huyauzi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Hiyo ni gharama ambayo wengi hawaiandiki popote.

Siku tupu nazo haziandikwi. Joto linarudi kila baada ya siku 21. Ukilikosa mara moja, umeahirisha uzazi kwa wiki tatu, na hizo utazilipa mwishoni, ng'ombe akiwa ameshuka hadi lita mbili au amekauka kabisa huku akila kama kawaida. Kwangu ng'ombe mmoja anakula na kutunzwa kwa takriban 3,500 kwa siku. Mara 21 ni 73,500, kwa joto moja tu ambalo hakuna aliyeliona. Kwa hiyo daftari linaning'inia mlangoni mwa banda na kijana wangu anaandika: ute mwangavu kama ute wa yai, kulialia, kupunguza maziwa ghafla, kusimama apandwe na mwenzake. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Uwe na namba ya mhimilishaji (mtaalamu wa kupandikiza mbegu) anayepokea simu, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Kabla ya kununua mitamba, uliza chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mwaka 2013 niliuziwa mitamba wawili kutoka ukanda wa baridi, nikaambiwa wamechanjwa. Siku ya 16 mmoja akaacha kula, tezi za chini ya masikio zikavimba kama maembe dodo, joto likapita nyuzi 41, akawa anapumua kwa shida na povu linamtoka puani. Tulimtibu tukiwa tumechelewa, akafa. Chanjo hiyo hutolewa mara moja ikamkinga maishani, na mnyama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni. Hereni tu isikutoshe, omba na cheti. Na usihangaikie Friesian halisi, wale wa maziwa wa kizungu, kwa joto la huku. Chotara anakula pungufu, anavumilia, na anashika mimba.

Ningekuwa na pesa yako ningeigawa hivi. Milioni mbili kwenye majani, samadi na uzio, msimu mzima kabla ng'ombe hajafika. Mbili kwenye tanki na mabomba. Moja na laki mbili mashine. Tatu na nusu banda la ng'ombe wanne. Tano mitamba wawili chotara wenye mimba ya miezi sita au saba. Tatu ya chakula, dawa za kupe na mshahara wa kijana kwa miezi sita, maana miezi miwili mitatu ya kwanza, hadi wazae, utalipa tu bila kupokea. Itabaki zaidi ya milioni nane. Hiyo usiiguse hadi uvuke kiangazi kimoja na hao wawili, ndipo uongeze. Na kila mwaka tenga laki tatu kwa kila ng'ombe: uliyemnunua milioni mbili na nusu, baada ya miaka mitano utamuuza buchani kwa milioni moja hivi, na pengo hilo ni gharama kama pumba ilivyo.

Vipando vya majani ya tembo usinunue. Masika yakianza njoo na pikapu, nina ya kukupa ya kutosha ekari moja, na shimo la sileji utaliona kwa macho yako likiwa wazi.