Malkia wa Jabali la Kijivu: maswali yenu na majibu

Wiki iliyopita nilimtaja kwa sentensi mbili tu Aoibheall, malkia wa watu wasioonekana wa kusini-magharibi mwa Ayalandi. Sikutegemea mngemng'ang'ania hivi. Nimechagua maswali sita.

Jina hilo linasomwaje, na huyo mama alikuwa malkia wa wapi? (Msomaji, Tanga)

Soma "Iivel", hutakuwa mbali. Herufi zilizobaki zipo kututisha wageni. Makao yake ni Craig Liath, yaani Jabali la Kijivu, juu ya ziwa Lough Derg, karibu na mji mdogo wa Killaloe katika kaunti ya Clare. Hana nchi wala jeshi. Ana jabali lake, ana chemchemi yenye jina lake, na ana watu anaowalinda: Dál gCais, ambao akina O'Brien wametokana nao. Washairi wa baadaye walimpandisha cheo wakamwita malkia wa Munster nzima, mkoa wote wa kusini, lakini mimi bado namwona kama mwenyewe wa mahali. Ukishuka kusini, Cork, unamkuta mwingine, Clíodhna, naye ana jabali lake na koo zake.

Si useme tu ni jini? (Msomaji, Mombasa)

Nilitamani. "Ujinini" ni neno zuri na lingenipunguzia maelezo. Lakini jini tunamjua: ameumbwa kwa moto, na kuna wenye dini na wasio na dini. Hawa huitwa aos sí, watu wa vilima. Sí ni kilima, mara nyingi tuta la kaburi la kale. Husimuliwa kwamba zamani walikuwa watawala wa nchi, waliitwa Tuatha Dé Danann, na waliposhindwa na wageni waliokuja baada yao, nchi ikagawanywa: wageni wakachukua juu, wao wakachukua chini. Kwa hiyo wamekaa kati ya majini na mizimu. Ndiko linakotoka pia neno bean sí, mwanamke wa kilimani, yule anayelia usiku mtu wa ukoo anapokaribia kufa. Kwa akina O'Brien, mwenye kulia alikuwa Aoibheall mwenyewe.

Ni kweli alimtokea mfalme Brian Boru kabla ya kufa? (Msomaji, Dodoma)

Mfalme alikuwepo kweli, na aliuawa kweli katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin, Ijumaa Kuu ya tarehe 23 Aprili 1014. Habari za malkia zimo katika masimulizi yaliyoandikwa karne ya 12 kuwasifu Dál gCais, ukoo wa Brian mwenyewe, kwa hiyo yapime mwenyewe.

Yanasema hivi. Brian ni mzee, hapigani. Ametandikiwa mto nyuma ya jeshi, zaburi mkononi, na kijana anayemtumikia anamweleza kinachoendelea uwanjani. Bendera ya mwanawe Murchadh inapoanguka, kijana anamsihi wapande farasi wakimbie. Brian anakataa: "Aoibheall wa Craig Liath alinijia jana usiku, akaniambia leo nitauawa." Kilichonishika mimi ni ile zaburi. Mfalme Mkristo, Ijumaa Kuu, kitabu kitakatifu kipo mkononi, na saa yake ya kufa ameambiwa na mwanamke wa jabalini. Mwandishi wala hashtuki, anaendelea na hadithi yake.

Nimesikia kinubi chake kinaua. (Msomaji, Zanzibar)

Hakiui, kinatangaza. Husemwa anayekisikia hana siku nyingi.

Uliandika kwamba alikuwa hakimu. Hakimu wa kesi gani? (Msomaji, Nairobi)

Ya wanaume wasiooa! Mnamo 1780 hivi, Brian Merriman, mwalimu wa hesabu na mkulima wa hukohuko Clare, alitunga utenzi wa mistari zaidi ya 1,000 kwa Kiayalandi: Cúirt an Mheán Oíche, Mahakama ya Usiku wa Manane. Mshairi amejilaza kando ya ziwa Lough Graney. Anaamshwa na tarishi wa mahakama, mwanamke mrefu kama mnazi, vazi likiburuza topeni, ambaye anamkokota hadi kijiji cha Feakle. Huko Aoibheall ameketi kusikiliza.

Anayelalamika ni msichana. Vijana hawaoi mpaka wazeeke, anasema, na wakioa wanafuata vizee wenye mali. Yeye amefanya yote: amejipamba, amekwenda ngomani, gulioni, kanisani. Usiku amelala na soksi iliyojaa matufaha chini ya sikio ili apate mume. (Hebu ilalie soksi ya matufaha hata dakika kumi.) Mzee mmoja anasimama kumtukana, kumbe ana kidonda chake: alioa binti mbichi, na mtoto akazaliwa kabla miezi haijatimia. Msichana hamwachi, anamrudishia kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Hukumu: mwanamume aliyefikisha miaka 21 bila mke afungwe mtini achapwe. Kuhusu mapadri, malkia anapunguza sauti na kusema siku yao nayo itafika. Wa kwanza kukamatwa ni mshairi, kapera. Wanawake wanamzunguka, tarehe inaandikwa, na hapo anazinduka usingizini.

Tafsiri ya Kiingereza ya Frank O'Connor ilipigwa marufuku Ayalandi mwaka 1946. Utenzi wenyewe, kwa Kiayalandi, haukuguswa. Nadhani walioukagua walihesabu kwamba anayeweza kuusoma ameshaharibika tayari.

Je, Aoibheall na Clíodhna walielewana? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Ngano za Cork zinasema waligombea mwanamume mmoja, na Clíodhna akamgeuza mwenzake paka mweupe. Hizo ni za Cork, kwa Clíodhna. Ukitaka kujua nani alishinda, kaulize na watu wa Clare.