Muulize Fundi: Deli la pikiniki linaweza kupikia bia?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mi niko Columbus, Ohio, nimekuwa napika bia nyumbani kwa shira ya kimea ya kopo, sasa nataka nianze na nafaka yenyewe. Nina deli la Igloo la galoni 10, lile la mviringo la rangi ya chungwa. Jamaa wananambia niligeuze mashi tuni, lile pipa la kulowekea kimea, nisinunue sufuria la stenlesi la bei mbaya. Plastiki si itayeyuka? Na natoboa wapi?
– Mpenda Povu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hutoboi popote, ndo uzuri wa hilo deli. Fungua nati ya ndani, ng'oa koki ya plastiki, raba yake usitupe, halafu kwenye tundu hilohilo pitisha nipo, yaani kipande kifupi cha paipu chenye nyuzi, ya stenlesi ya nusu inchi, na koki ya chuma kwa nje. Nyuzi zizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba, jaza maji ya moto, uangalie kama panavuja.

Kazi ipo kwenye chujio. Nenda duka la vifaa ununue paipu ya sinki iliyovikwa wavu wa stenlesi, kata ncha zote mbili kwa msumeno wa chuma, sukuma wavu ulegee, vuta mpira wa ndani utoke ubaki na wavu mtupu, ncha moja uikunje na kuibana kwa koleo, nyingine uifunge kwenye koki kwa klipu. Ila soma lebo, maana kuna wavu wa nailoni uliopakwa rangi ya fedha, ule ukipata joto unalegea na kulaliwa na kimea, hapo hata tone halitoki.

Kuyeyuka halitayeyuka, lakini maji yanayochemka usithubutu kumwaga humo, ukuta wa ndani unavimba na kupinda. Na huyahitaji. Kinachofanyika mle ndo kilekile cha togwa, kimea kinageuza wanga kuwa sukari, na kinataka nyuzi 65 mpaka 68 za Selsiasi kwa saa nzima. Chini kidogo bia inakuwa kavu, juu kidogo inakuwa nzito na tamu.

Chukua kilo 5 za kimea, lita 15 za maji. Kimea kikiwa na nyuzi 20 na wewe unataka 67, maji yawe 73 au 74. Wengi wanakwama hapa, wanapima maji kwenye sufuria wanasahau kwamba deli lenyewe ni la baridi na litakula joto lake. Mimina yakiwa 78 hivi, funika, yakishuka mpaka 74 ndo umwage kimea huku unakoroga, mabonge yasibaki. Kifuniko cha madeli mengi kiko tupu ndani, hakina povu la kuzuia joto, kwa hiyo kifunike na blanketi.

Saa ikiisha fungua koki taratibu, lita 2 au 3 za kwanza zirudishe juu mpaka yatoke masafi. Kimea kinabaki na karibu lita 5, utapata kama 10. Ongeza lita 15 za nyuzi 76, koroga, tulia kidogo, chuja tena, tayari una 25 za kuchemsha na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Mipira ya kunyunyizia maji juu wanayouza madukani achana nayo, kwa bia ya nyumbani ni mbwembwe tu.

Sheria isikutishe, Rais Carter wa Marekani alisaini ruhusa mwaka 1978, mtu mzima anayeishi peke yake galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi 200, mradi huuzi.

SWALI: Fundi, mimi niko Mombasa, deli langu ni la mstatili na lilibeba samaki miaka. Linafaa?

JIBU: Umbo halina shida, wapo wengi wanaopikia la mstatili. Harufu ndo shida, plastiki ikishaizoea haiachii, na maji ya moto yataiamsha yote iingie kwenye bia. Tafuta jingine. Halafu huko Kenya sheria ya vileo ya 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza, sasa ulizia kwanza ofisi ya kaunti kabla hujanunua hata hiyo koki.